Nesi na Beseni la Magurudumu Sita

Nawaambia mapema: Nesi hajafa. Naandika habari zake akiwa hai, ana meno yake, na akipandisha sauti ng'ambo ya mkondo huku Mkwaja unamsikia. Nimeona watu wanasubiri mtu azikwe ndipo waanze kumsifu, masikio yake yameshajaa mchanga. Mimi si wa hivyo. Mimi shule niliishia darasa la nne. Kusoma nilijifunzia kwenye maboksi ya vipuri, kuandika nikajifunzia kwenye milango ya malori, na leo ukishuka stendi ya Tanga ukauliza gereji yangu ya Usagara hupotei. Kwa hiyo siombi ruhusa ya mtu kushika kalamu.

Jina lake silitaji. Mwenyewe halitumii. Ukimwita kwa jina anakutazama kana kwamba umemvua ushungi. Ni Nesi. Amestaafu siku nyingi, na bado ni Nesi, toka Mkwaja mpaka Mwera. Wanaume wazima wenye ndevu wakikutana naye njiani wanazima pikipiki, wanasema, "Shikamoo Nesi," na yeye anawajibu, "Marahaba. Weye ulitanguliza miguu." Mbele ya wake zao! Kwa kila aliyempokea akizaliwa ana jambo lake analolikumbuka, na hana habari ya kukuchagulia la heshima.

Mdomo wake niliujua nikiwa turniboi wa lori la nazi. Msumari wa bodi ulinichana paja, wenzangu wakanibeba mpaka zahanati ya Mkwaja. Aliposhika sindano nikapiga ukelele wa kuamsha kijiji. Akaisimamisha sindano hewani.

"Chumba cha pili kuna mwanamke anajifungua. Umemsikia?"

"Sijamsikia, Nesi."

"Basi na yeye asikusikie weye."

Nikanyamaza. Akashona, kovu lake ninalo, limenyooka kama mshono wa kanzu ya Iddi. Tangu siku ile kila nikipita Mkwaja lazima nimwamkie. Nilipopata spana yangu ya kwanza nilimwambia. Nilipofungua gereji alikuja kuiona, akazunguka yote, akapitisha kidole juu ya meza ya vyuma, akakitazama kile kidole, akaniambia, "Fundi mzuri. Mchafu." Akaondoka. Kesho yake nilipiga deki gereji nzima, na mpaka leo inapigwa deki kila asubuhi. Waulizeni mafundi wengine wa Tanga kama gereji zao zinapigwa deki.

Usafi kwake hauna mkubwa wala mdogo. Wakubwa wa wilaya walikuja na magari yao kukagua zahanati, akawasimamisha mlangoni na birika la maji na sabuni. Mmoja akasema mikono yake safi. Nesi akamwambia, "Hiyo ni ya kusainia. Ya kuingia kwa wazazi wangu bado." Akanawa.

Mtu huyo huyo, msiniulize mimi, ana mambo yake. Mwanamke akicheleweshwa nyumbani kwa sababu ya mganga, Nesi atatembea kwa miguu kwenda kumtukana huyo mganga mbele ya wateja wake. Lakini friji la chanjo lilipoletwa, alilifukiza ubani kabla halijawashwa, mtaalamu aliyelileta akabaki anakohoa na machozi yanamtoka. Nilimuuliza, "Nesi, weye mtu wa hospitali, ubani wa nini?" Akanijibu bila kugeuza shingo, "Ubani wa friji. Chanjo ya mtoto. Sivichanganyi." Hakuna kitu kipya kilichowahi kuanza kazi kwake bila ubani, dua na watu kukusanyika. Baiskeli, kitanda, hata redio.

Jingine: amezaliwa kando ya maji, amezeeka kando ya maji, na kuogelea hajui. Maji yakimfika magotini anaanza kumtaja Mtume. Nikimcheka anasema, "Samaki ndio kazi yao. Mie nina kazi yangu."

Na kazi yake ilikuwa ng'ambo. Nyumba yake iko huko, kwenye kitongoji kilichokaa juu ya kilima kidogo cha mchanga, na kati yake na Mkwaja kuna mkondo wenye mikoko. Kiangazi unavuka umekunja suruali. Masika ikikamata, maji ya mvua na ya bahari yanakutana pale pale. Maji yakijaa, gari halipiti. Yakitoka yanaacha matope ya kumeza mtu kiunoni, mtumbwi haupiti. Ukikadiria vibaya, unakwama katikati na maji hayapo wala nchi kavu haipo.

Hapo ndipo linapoingia Beseni. Lililetwa zamani na mzungu mmoja aliyekuwa akifuatilia mayai ya kasa ufukweni. Ni gari na ni chombo cha majini, vyote kwa pamoja. Lina magurudumu sita mafupi manene. Bodi yake ni plastiki tupu kama beseni la kufulia, na ndiyo sababu watu wakaliita hivyo. Halina usukani, lina mikono miwili ya chuma: ukivuta wa kushoto, magurudumu ya kushoto yanagoma nalo linageukia kushoto. Likifika majini halisimami. Linaingia, linaelea, na magurudumu yanaendelea kuzunguka yanachota maji kama miguu ya bata. Matope linayapita, maji linayapita. Yule mzungu alipokuwa anarudi kwao alilikabidhi kwa Nesi mbele ya wazee wa kijiji, maana alikwisha kuona nani mwenye haja nalo. Miaka mingi Nesi aliwafuata wazazi ng'ambo kwa Beseni, ameshika mikono yote miwili, ushungi kaufunga kilemba, anamtaja Mtume njia nzima na haachi mafuta.

Kisha injini ikafa. Beseni likawekwa uani kwake, na jua likaingia kazini. Plastiki ya namna ile ikipigwa jua mwaka baada ya mwaka inakauka kama kisigino. Ikapasuka ubavuni, ikapasuka chini, kuku wakaona ni nyumba, wakataga humo. Nesi hakuruhusu lichukuliwe na wanunuzi wa vyuma chakavu. Alisema, "Limelala."

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Masika mojawapo Nesi alishikwa na homa ya mapafu, yuko peke yake ng'ambo, na watu walishindwa kumfikia mpaka mvua ilipotulia. Alipona. Lakini mwanawe mkubwa, mtu wa ofisi huko Dar, alikuja kumchukua. Namsema kwa haki: si mtoto mbaya. Ana tumbo la heshima na ana huruma, alikuwa anaogopa kumzika mama yake kwa sababu ya matope. Nesi akanipigia simu: "Fundi, njoo. Njoo na spana." Nikafika nikawakuta barazani, chai imepoa, maneno ya moto.

"Mama, Dar chumba kipo, kitanda kipo, feni ipo."

"Nikae nizungumze na feni?"

"Ukifa huku peke yako watu watasema nini?"

"Watasema innalillahi. Kwani nikifia Dar watasema nini?"

Kijana mkubwa mzima akafunika uso kwa viganja. "Mama, mie sitaki kuzipata habari zako kwa simu ya jirani."

Hapo Nesi akapunguza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia anapunguza. Akasema, "Basi sikia. Huyu fundi atalifufua Beseni. Likinivusha na kunirudisha mbele ya macho yako kabla ya masika, unaniacha na nyumba yangu. Likishindwa, nafunga mlango nakufuata, na hutanisikia nikinung'unika."

Mwanawe akalitazama Beseni. Kuku mmoja akatoka humo anapiga kelele za kutaga.

"Hilo?"

"Hilo."

Mimi hakuniuliza. Angeniuliza ningesema nini? Kuna watu wakikutaja umeshakubali.

Kiangazi lori linavuka, nikalipakia mpaka Usagara, na mafundi wa mtaa mzima wakaja kucheka. "Bosi, siku hizi unatengeneza vyombo vya jikoni?" Nikawaambia likiisha wataleta nguo nikawafulie. Injini ya zamani niliitupa pembeni, nikatia injini ya pampu ya kumwagilia. Cheni nikatia za pikipiki. Beringi mpya, mipira ya kuzuia maji kwenye kila ekseli nikakata mwenyewe, matairi nikayatia tyubu. Hiyo yote kwangu ni kazi ya kawaida, sitajisifia hapo.

Bodi ndiyo ilinipima. Nyote mnajua kuwa kwa faiba, ile nguo ya nyuzi za kioo inayolazwa na gundi, pwani hii hakuna wa kunifikia. Nikasafisha, nikapiga msasa, nikapaka dawa, nikalaza faiba kwenye nyufa, nikaacha ikauke. Kesho yake nikaigonga kwa kifundo cha kidole, ikabanduka yote kwa pamoja, safi, kama ganda la yai la kuchemsha. Nikarudia. Ikabanduka. Faiba haikuwa mbaya, msije mkasema, ile plastiki ndiyo kaidi, haishikwi na gundi ya mwanadamu. Nesi akapiga simu.

"Limeshika?"

"Nesi, faiba yangu imeshika mashua toka Moa mpaka Kigombe."

"Sikukuuliza mashua."

"Halijashika."

"Basi acha kulibembeleza. Litazame kwanza ni kitu gani."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nilikata kipande chembamba ukingoni, nikakitupa kwenye ndoo: kikaelea. Nikakichoma: kikanuka mshumaa. Nikacheka peke yangu. Huyu ni ndugu wa dumu la mafuta ya kula! Na madumu nani hajui yanavyozibwa? Sokoni kila siku wapo watu wanakaa na jiko la mkaa na chuma bapa, wanayeyusha na kuunganisha. Nikanunua madumu ya njano, nikayakata vipande vyembamba kama tambi pana. Kwanza nikatoboa tundu mwisho wa kila ufa, maana ufa una kichwa, na usipokitoboa kichwa utaendelea kutembea. Halafu chuma cha moto: nayeyusha ukingo wa Beseni, nayeyusha dumu, navikanda pamoja vingali laini, ndani na nje. Moshi ulinitoa kamasi. Vidole viliungua. Lakini nilipogonga, pakalia kama ngoma. Palikuwa pamoja.

Nesi alikuja kulitazama. Bodi nyekundu iliyopauka, na juu yake mistari ya njano kila upande. Akapitisha kiganja polepole, taratibu kuliko alivyowahi kunipitishia mimi.

"Limefanana na tumbo la mwanamke aliyezaa sana," akasema. "Litabeba."

Siku ya kulijaribu, siku ya maji makubwa, nilimwambia Nesi kwa simu: nikifika nalishusha kwenye lori, nawasha, naingia majini. Basi. Nikafika nikakuta Mkwaja yote iko ukingoni. Nesi amealika. Chetezo kinafuka, mwalimu wa madrasa yuko tayari kwa dua, sinia za kaimati zimefunikwa, na wavuvi wamejipanga vifua wazi. Kwa watu wa pwani chombo kinashuliwa kwa mikono ya watu. Chombo kikienda majini peke yake ni kama bibi harusi kutoka kwao bila msindikizaji. Mwanawe Nesi naye amesimama na viatu vyake vya ofisini, ametoka Dar kuja kushuhudia.

Nikasema, "Jamani, hili linajiendesha lenyewe!" Nani anisikie? Dua imekwisha, vigelegele vimepanda, wavuvi wamelizunguka Beseni, wamelikamata kwenye mdomo wake, wameanza ule wimbo wa kuvutia vyombo. Mashua ya mbao ukiikamata hivyo inafurahi. Hii ni plastiki ya zamani. Waliposema "heee!" wakanyanyua na kusukuma kwa pamoja, nikasikia mlio kama muwa unavunjwa gotini. Ubavu wa kushoto umefunguka, toka juu kwenye mdomo mpaka karibu na ekseli. Ufa mpya, pale ambapo mimi sikugusa. Kazi yangu yote ilikuwa imeshika, niandikieni hilo.

Chetezo tu ndicho kinafuka.

Nesi akauliza, "Nani kawaambia msukume?"

Wavuvi wakatazamana. Mmoja akajibu kwa adabu, "Weye, Nesi."

"Basi nimekosea. Tokeni njiani."

Mwanawe akamsogelea, akamshika mkono. "Mama, yamekwisha. Umejitahidi. Twende nyumbani tukafunge vitu."

Nilimtazama Nesi usoni. Nimeshawahi kumwona ana njaa, ana hasira, ana msiba. Siku ile niliona woga, na haukuwa woga wa maji. Alitazama ng'ambo, kwenye paa lake la makuti, akalitazama muda. Halafu akauvuta mkono wake, akafunga ushungi kilemba, akapanda ndani ya Beseni, akakaa.

"Fundi. Washa."

"Nesi, maji yataingia."

"Yataingia wapi?"

"Hapa, kushoto."

"Na kulia?"

Hapo kichwa changu kikafunguka. Upande wa kulia ni mzima. Tukiweka uzito wote kulia, kushoto kutanyanyuka, ufa utakaa juu ya maji. Nikamwambia. Hakungoja nimalize. Akamgeukia mwanawe, akamtazama tumboni.

"Panda. Kaa kulia."

"Mama, mie?"

"Umelilea la nini?"

Ukingo mzima ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe, masikini, akacheka. Akavua viatu, akapanda, Beseni likalala upande wa kulia kama mtu aliyeegemea mto. Nikawasha. Tuliingia matopeni, tukayala, tukaingia majini, tukaelea. Upande upande, lakini tukaelea. Kila likiyumba ufa ulikunywa funda moja, na mtu wa ofisi wa Dar alikuwa anachota kwa kiatu chake anamwaga nje, anachota anamwaga. Mama yake anamtaja Mtume, kisha anaacha kidogo anamwambia, "Haraka haraka, baba," anaendelea kumtaja Mtume. Tukapanda ng'ambo tumelowa mpaka mapajani. Nesi hakushuka. Akagusa mchanga wa kwake kwa ncha ya kidole cha mguu, akasema, "Nimefika. Rudi." Tukarudi.

Mwanawe alisimama ukingoni anakamua suruali. Akasema, "Nimeona, mama." Alikula kaimati nyingi, akapanda gari lake akaenda zake Dar. Ufa ule niliuziba wiki hiyo hiyo, na kwenye mdomo wote nikazungusha bomba la chuma, sasa hata wakija wavuvi wa Pemba na Tanga kwa pamoja walinyanyue, wanyanyue.

Tangu hapo masika zimepita na Nesi yuko kwake. Amevusha wagonjwa, amevusha maiti, amevusha walimu na mitihani yao. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, aliwahi kuupanda mkoko akidhani ni njia, kwa hiyo ikibidi kuvuka ananiita, na mimi naacha gereji nakwenda. Wateja wananuna. Wanune.

Masika hii amepata nafasi ya kutibiwa macho Tanga, hospitali ya mkoa. Mwanawe akaja kumpeleka, nami nikaenda na Beseni kuwavusha. Nilimwamkia, nikamshika mkono akapanda. Mwanawe akapakia gunia nyuma, akaliweka haraka, akakaa mbele yake. Mvua nyembamba, mkondo umejaa. Tulipofika katikati, Nesi, huyo asiyeona vizuri, akapeleka mkono nyuma, akapapasa lile gunia. Akapapasa tena.

"Hii nini?"

"Vitu vyako, mama. Vya kubadili."

Akaingiza mkono ndani. Akavuta pazia la chumbani kwake. Akalirudisha. Akaingiza tena, akatoa mbuzi yake ya kukunia nazi, akaiweka mapajani.

"Huko hospitali," akauliza, "wagonjwa wanajikunia nazi?"

Mwanawe alitazama maji. Baadaye akasema, sauti ndogo, "Nilidhani ukishamaliza macho, tungepitiliza tu Dar, mama. Siku chache."

"Siku chache na pazia."

Injini inanguruma, Beseni linazunguka mahali pamoja, mimi nimeshika mikono yote miwili sijui nivute upi. Nesi hakumgombeza. Alimshika mwanawe begani, mkono wake mzee umekaa pale muda mrefu, mvua inawanyeshea wote wawili.

"Fundi," akasema. "Geuza."

Nikavuta mkono wa kushoto. Tukarudi tulikotoka. Akashuka mwenyewe, akakataa kushikwa, akapanda kilima na mbuzi yake kwapani. Mwanawe akamfuata na gunia, na kutoka kule chini nilimwona amepanda juu ya kiti, anatundika pazia, mama yake amesimama nyuma anamwelekeza kwa kidole, kushoto kidogo, kushoto, hapo. Mbuzi ikarudishwa jikoni. Mlango ukafungwa, ufunguo akautia kifuani.

Akateremka mikono mitupu, akapanda, akakaa.

"Haya," akasema. "Nipelekeni sasa nikatibiwe."